Kubadili programu bila kuziangusha zinazoitegemea

MNAMO Januari 19, 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, tarakilishi nyingi za zamani zitapotewa na majira. Mashine hizo huhesabu sekunde tangu Januari 1, 1970, na hesabu yenyewe huhifadhiwa katika nafasi ya biti 32 isiyoweza kupita 2,147,483,647. Sekunde itakayofuata, zitarudi nyuma na kudai kwamba ni Desemba 1901.

Tiba ni rahisi kuitaja: nafasi hiyo ipanuliwe iwe ya biti 64. Ugumu u katika utekelezaji. Programu nyingi hutegemea maktaba, yaani vipande vya msimbo vinavyotumiwa kwa pamoja. Maktaba ikianza kutoa saa kwa kipimo kipya, ilhali programu inayoitegemea ingali inatarajia kile cha zamani, programu hiyo itasoma hesabu potovu au itazimika ghafla.

Debian, mradi wa programu huria ulioasisiwa na Ian Murdock mnamo 1993, ulilikabili suala hili mnamo 2024. Hatua ulizofuata ni funzo kwa yeyote anayetunza ghala la programu.

Hatua ya kwanza ilikuwa majina. Maktaba zilizoathirika zilipewa majina mapya yenye kiishio "t64". Kwa kuwa mtambo wa kusakinisha huongozwa na majina, katika mashine za biti 32 programu kongwe haingeweza kuunganishwa kimakosa na maktaba mpya.

Pili, vifurushi vipya vilijaribiwa kwanza katika ghala la pembeni, ambalo halimfikii mtumiaji asipolichagua mwenyewe.

Tatu, programu zilizotegemea maktaba hizo zilijengwa upya, hata zile ambazo msimbo wake haukubadilishwa.

Nne, zilivushwa kwa pamoja. Kila kifurushi kipya cha Debian huingia kwanza katika ghala liitwalo "sid". Kwa kawaida hukaa humo siku mbili, tano au 10, kwa kutegemea uharaka wake, kabla ya kuingia katika ghala la majaribio. Huzuiwa iwapo kimeleta kasoro kubwa mpya, au iwapo kuvuka kwake kutaziacha programu nyingine bila zinachokihitaji. Vifurushi vinavyotegemeana husubiriana.

Kutokana na utaratibu huo, waliotumia Debian 12, toleo imara la 2023, hawakuguswa na purukushani hizo. Mabadiliko yaliwafikia watumiaji wa toleo imara katika Debian 13, iliyotolewa Agosti 2025, yakiwa yamekwisha kukomaa.

Hata hivyo, mashine za aina ya i386 ziliachiwa kipimo cha zamani kimakusudi. Manufaa makuu yaliyosalia ya aina hiyo ni kuendesha programu kongwe ambazo hakuna awezaye kuzijenga upya. Kubadili kipimo kungeziua.

Anayesimamia ghala dogo la shirika lake anaweza kufuata kanuni zizo hizo. Asibadili maana ya jina ambalo wengine wanalitegemea, ajaribu kando, ajenge upya kila kinachoguswa, na asivushe sehemu moja akaziacha nyingine nyuma. Juu ya yote, aanze mapema. Usipoziba ufa, utajenga ukuta, na ufa wa 2038 tarehe yake inajulikana.