Fahamu 'Au revoir les enfants', filamu ya urafiki uliokatizwa na Gestapo

Ni sekunde moja tu. Mvulana anageuza macho darasani kumtazama rafiki yake, na afisa wa Gestapo aliyesimama mbele anamwona. Rafiki huyo ni Myahudi aliyefichwa shuleni kwa jina la bandia.

Hilo ndilo tukio linalokumbukwa zaidi katika Au revoir les enfants, yaani 'Kwaherini watoto', filamu ya mwaka 1987 ya mwongozaji Mfaransa Louis Malle.

Inahusu nini?

Ni majira ya baridi, mwaka 1944. Ufaransa iko chini ya Wanazi. Julien Quentin, mtoto wa familia yenye uwezo, anasoma shule ya bweni ya mapadri. Anakuja mwanafunzi mpya, Jean Bonnet: mkali wa hesabu, fundi wa piano, na wenzake wanamsumbua kila siku.

Julien naye mwanzoni hampendi. Halafu ndani ya kitabu cha Jean anagundua kuwa jina lake halisi si Bonnet, ni Kippelstein. Hamwambii mtu.

Urafiki unakuja polepole. Wanapotea pamoja msituni, wanasoma Alfu Lela Ulela usiku, na wenzao wanapokimbilia handaki kujikinga na mabomu, wao wawili wanabaki wakipiga piano. Malle hana haraka, na ndiyo maana mwisho unauma.

Nani aliwachongea?

Si Julien. Ni Joseph, kijana mlemavu wa jikoni aliyekuwa akifanya magendo ya vyakula na wanafunzi. Mambo yanapojulikana, Joseph anafukuzwa kazi, lakini watoto wa matajiri waliofanya naye biashara, Julien akiwemo, wanabaki shuleni. Ana hasira, anakwenda kwa Wajerumani. Filamu haimtetei, ila inaonyesha wazi alivyofika hapo.

Ni kisa cha kweli?

Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Malle alikuwa na miaka 11 na alisoma katika shule hiyo, iliyokuwa Avon, karibu na Fontainebleau. Januari 15, 1944, Gestapo waliwachukua wavulana watatu Wayahudi: Hans-Helmut Michel, Jacques-France Halpern na Maurice Schlosser. Walipelekwa Auschwitz, wakauawa. Michel, ambaye ndiye chanzo cha Jean, alikuwa na miaka 13.

Mkuu wa shule aliyewaficha, Padri Jacques, alikamatwa pia na kupelekwa kambi ya Mauthausen. Alitoka hai, lakini alifariki Juni 1945, wiki chache tu baada ya kukombolewa. Mwaka 1985 taasisi ya Yad Vashem ya Israel ilimtambua kuwa miongoni mwa watu waliohatarisha maisha yao kuwaokoa Wayahudi.

Kipi kimebuniwa?

Hapa ndipo penye uzito. Malle alieleza kwamba yeye na Michel hawakuwa marafiki wa karibu kama Julien na Jean, na kwamba lile tazamo la darasani alilibuni mwenyewe. Kumbe urafiki tunaoutazama ni ule ambao hawakupata muda wa kuujenga. Na hatia ya kutomjua mwenzako hadi anapochukuliwa, Malle ameigeuza kuwa jicho moja linalomponza rafiki.

Ilimchukua zaidi ya miaka 40 kuigusa habari hii. Alishatengeneza filamu nyingi, akahamia Marekani, ndipo akarudi Ufaransa kuifanya. Sauti inayosikika dakika za mwisho ni yake mwenyewe.

Ilipokewaje?

Ilishinda Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la Venice, mwaka 1987, kisha tuzo 7 za César nchini Ufaransa mwaka uliofuata. Oscar iliteuliwa mara mbili, ikatoka mikono mitupu.

Ina urefu wa saa 1 na dakika 44, na haionyeshi mauaji. Lugha ni Kifaransa, hivyo tafuta nakala yenye tafsiri ya maandishi.