Ardhi ya Bondeni: Tarikhi ya Udongo wa Mabanga

Mgeni afikaye Mabanga, katika nchi ya Bungoma, wakati wa masika, hukuta ardhi yenye nyuso mbili ndani ya mwendo mfupi wa miguu. Juu ya migongo ya nchi, palipojengwa nyumba, shule, na kile kituo cha mafunzo ya wakulima kilichoifanya Mabanga ijulikane mbali, udongo ni mwekundu na mwepesi wa kulimika, na mvua ikisha kukatika njia hukauka upesi. Akiteremka kuelekea kijito, wekundu huo hufifia ukawa hudhurungi, hudhurungi ikageuka manjano, hata akifika chini kabisa, penye matete na nyasi ngumu, hukuta udongo wa kijivu unaong'ang'ania kiatu, na maji yaliyotuama juu yake siku nyingi baada ya mawingu kuondoka. Tarikhi za nchi zetu zimeandikwa sana kwa habari za watawala, vita na reli. Mimi nataka kuisoma tarikhi ya upande huu wa Kenya kwa udongo wake wa chini, ambao wengi huupita kwa kuudharau, maana naamini kwamba kila zama zilizopita hapa zilijieleza kwa namna zilivyolitendea bonde.

Yafaa kwanza kuijua tabia ya udongo wenyewe. Ziko nchi za mbali, kama nyanda za Illinois na Iowa huko Marekani, kingo za mto Danube, na kaskazini ya China, ambako ardhi ya kulima ilitokana na vumbi laini lililopeperushwa na upepo katika zama za barafu, likatandazwa juu ya nchi kwa kina cha mita kadhaa; wataalamu huliita vumbi hilo loesi. Chembe zake ni ndogo kuliko mchanga na kubwa kuliko udongo wa mfinyanzi, nazo hufanya shamba lenye rutuba maridhawa. Lakini pale nchi isipokuwa na mteremko, na chini yake pakawa na tabaka zito lisilopenyeka, maji hukosa pa kwenda, na mwenye shamba huwa na utajiri asioweza kuugusa. Katika miaka ya 1830 John Johnston, Mskoti aliyehamia jimbo la New York, alizika mabomba ya udongo wa kuchoma chini ya shamba lake ili yanyonye maji ya ziada, na jirani zake wakamcheka kwamba anafukia vyungu ardhini. Lakini kabla ya karne ile kwisha, nyanda za loesi zilizokuwa vinamasi zilikuwa zimepitishiwa mabomba kama yale kwa maelfu ya maili, zikawa ghala la mahindi la dunia.

Mabanga hakuna loesi. Udongo wetu haukuletwa na upepo. Aghalabu ulizaliwa papa hapa, kwa kuoza kwa mawe ya matale, ya jinsi ile ile iliyosimama wazi katika vilima vya Sang'alo, chini ya jua na mvua kwa muda usiohesabika. Mvua ya nchi hii ni nyingi, takriban milimita 1,200 hadi 1,800 kwa mwaka, na ipitapo ardhini huchukua kilicho chepesi na kuacha chuma. Pahali pengine chuma hicho kimegandamana chini ya udongo kikawa tabaka gumu, hiyo murramu ambayo wajenzi wa barabara huisifu na wakulima huilaani, kwa kuwa jembe halipiti na maji hayapenyi. Basi asili zimetofautiana, lakini maradhi ni yale yale ya Iowa: udongo uliojaa maji hauna hewa.

Na hewa ikikosekana, mambo ya ajabu hutendeka gizani. Vijidudu vya udongo, ambavyo navyo vinahitaji oksijeni kama sisi, huinyang'anya kutoka katika nitrati, kisha kutoka katika kutu ya chuma iliyoupa udongo wekundu wake. Nitrati hugeuka gesi ikapotelea angani, na chuma, kikisha kuvuliwa oksijeni, huyeyuka katika maji na kuondoka, kikiuacha udongo na rangi ya kijivu, na mara nyingine ya samawati hafifu. Ni pembezoni mwa mizizi tu, ambamo hewa kidogo huteremka, ndipo kutu hurudi kwa michirizi ya rangi ya machungwa. Mahindi yaliyopandwa humo hugeuka manjano katika siku chache za mafuriko, na mkulima asiyejua sababu hulaumu mbegu, au humlaumu jirani.

Aliyeziunganisha rangi hizi katika fikira moja alikuwa Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo katika kituo cha utafiti cha Amani, kwenye milima ya Usambara, kituo kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902 na kurithiwa na Waingereza. Milne, katika safari zake za Uganda na Tanganyika, aliona kwamba kutoka kilele hata bonde udongo hupangika kwa nasaba, kila mmoja ukiuathiri ulio chini yake kwa maji na chembe unazoupa, na mwaka 1935 akaupa mpango huo jina la katena, yaani mnyororo. Jina hilo leo linafundishwa katika vyuo vya dunia nzima, na ni wachache wanaokumbuka kwamba lilitoka kwetu. Ila nathubutu kusema kwamba wazee wa Bungoma wangemsikiliza Milne kwa adabu, kisha wangeuliza ni lipi jipya alilowaletea.

Maana Wabukusu, watu wa Bungoma, walipoenea katika nyanda za chini ya Mlima Elgon, waligawa kazi kwa kufuata mnyororo huo huo. Wimbi na mtama, nafaka zao za asili, vilipandwa kwenye migongo na miteremko. Bonde liliachwa kuwa malisho, ili wakati wa kiangazi, nyasi za juu zikisha kukauka, ng'ombe wapate chini majani mabichi na maji. Kutoka bondeni wafinyanzi walichukua udongo wa vyungu, kwa kuwa ulaini unaomkera mwenye jembe ndio anaoutafuta mwenye chungu. Udongo uliwalinda pia. Joseph Thomson, msafiri wa Kizungu, alipopita pande hizi mwaka 1883 kwa njia ya misafara ya Waswahili waliokuwa wakifuata pembe za ndovu hata kwa Mumia wa Wanga, alikuta vijiji vilivyozungushiwa kuta za udongo na mahandaki. Na ni nyuma ya ngome za namna hiyo, Lumboka na Chetambe, Wabukusu walipopigana na majeshi ya Waingereza yaliyoongozwa na C. W. Hobley mwaka 1895, wakashindwa kwa bunduki.

Lakini matumizi yaliyo makuu kuliko yote ya udongo wa bondeni si chungu wala ukuta. Kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, ufikapo mwezi wa Agosti, kijana wa Kibukusu anayeingia tohara hupelekwa mtoni kabla ya mapambazuko, mahali ambapo ukoo wake unapajua, akavuliwa nguo na kuoshwa kwa maji ya baridi. Kisha hupakwa tope zito liitwalo sitosi kutoka kichwani hata miguuni, bonge moja likawekwa juu ya utosi na ndani yake ukachomekwa unyasi mrefu, lusinyande. Hurudi nyumbani akisindikizwa kwa wimbo wa Sioyaye, naye hatakiwi kugeuka nyuma wala kupepesa macho, mpaka asimame uani kwa baba yake mbele ya kisu. Tope lile, lililokaa majini pasipo jua, ni baridi kupita hewa ya alfajiri yenyewe, na wako wasemao kwamba ubaridi huo hulipunguza umivu. Mimi siwezi kuwasemea waliopitia. Neno langu ni hili, kwamba jamaa waliolichagua tope kuwa vazi la mtoto siku anapokuwa mtu mzima hawakuihesabu ardhi ya tope kuwa ardhi iliyokosa thamani.

Dharau hiyo ililetwa na zama nyingine. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza nchi ya Trans Nzoia, kaskazini-mashariki ya Bungoma, iligawiwa walowezi wa Kizungu, wengi wao askari waliostaafu, na Kitale ukawa mji wao, nayo reli ikaufikia mwaka 1926. Njia nyingine ya reli ilipita Bungoma kuelekea Tororo na Uganda. Mahindi meupe, yaliyokuwa yakiuzwa kwa fedha ya kulipia kodi, yakaanza kuchukua nafasi ya wimbi, na jembe la kukokotwa na ng'ombe likaenea upesi miongoni mwa Wabukusu, waliokuwa na ng'ombe na maarifa ya kuwatumia. Ardhi ambayo zamani iliweza kupumzishwa miaka kadhaa sasa ilidaiwa mavuno kila mwaka. Upande wa Trans Nzoia palikuwa na mpaka wa walowezi ambao Mwafrika hakuuvuka ila kwa kuwa kibarua au skwota. Idadi ya watu ikaongezeka. Plau ikateremka. Ilipomaliza miteremko iliingia malishoni, na ilipomaliza malisho ilifika penye udongo wa kijivu, ambako babu wa mwenye plau asingelipoteza kibaba kimoja cha mbegu.

Serikali ya kikoloni iliona mmomonyoko ikaujibu kwa amri: matuta, ung'oaji wa magugu, kazi za shuruti chini ya machifu. Elijah Masinde, aliyeanzisha Dini ya Msambwa katika miaka ya 1940, alizikataa amri za namna hiyo, akafungwa zaidi ya mara moja, na mwaka 1948 dini yake ikapigwa marufuku. Watu wa idara ya kilimo walimwona mpinga maendeleo. Mimi huona kwamba palikuwa na hoja mbili pale, na kila moja ilikuwa na haki yake: matuta yalihitajika kweli, lakini haikuwa haki kumwambia mtu auokoe mteremko wake ilhali ukosefu wa ardhi uliomlazimisha kuulima hata chini ulisababishwa na mpaka uliowekwa na huyo huyo aliyekuwa akitoa amri.

Uhuru ulifungua mpaka lakini haukuliinua bonde. Kituo cha utafiti cha Kitale kilitoa mwaka 1964 mahindi chotara ya H611, uzao wa mbegu ya Kitale na mbegu iliyotoka Ecuador, na mavuno ya nyanda za juu yakapanda kwa namna isiyopata kuonekana. Lakini chotara naye, kwa ubora wake wote, huzama kama mahindi mengine. Kisha ikaja miwa. Kampuni ya sukari ya Nzoia iliundwa mwaka 1975 na kiwanda chake kikaanza kusaga mwaka 1978, na mashamba ya miwa yakatanda katika Bungoma, mengine yakishuka hata kingo za vijito. Muwa huvumilia unyevu kuliko hindi, walakini si bila kiasi, na matrekta yaingiapo kuvuna wakati wa mvua huukandamiza udongo uliolowa ukawa mgumu zaidi kupitisha maji msimu ufuatao. Mitaro ikichimbwa husaidia, maadamu ina pa kumwagia. Mtaro wa mtu mmoja unaoishia mpakani mwa jirani huhamisha dhiki tu.

Karibu na Kitale uko mfano wa upande wa pili. Kinamasi cha Saiwa, kisichozidi kilomita tatu za mraba, kilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, paa wa majini mwenye kwato ndefu zilizotanuka kwa kutembea juu ya matope. Ndiyo hifadhi ya taifa iliyo ndogo kuliko zote katika Kenya. Yapasa tukiri kwamba mnyama alipata haraka kile ambacho mchungaji wa Bungoma hakukipata kamwe, yaani hati inayosema kwamba bonde lina kazi yake na lisilimwe.

Siku hizi, mashamba yakigawanywa kwa warithi mpaka robo eka na chini yake, viwanja vya bondeni vinauzwa wakati wa kiangazi, vikiwa vikavu na vya bei nafuu, kwa watu wanaotaka kupanda mahindi au kujenga nyumba. Nduma hustawi humo, majani ya ng'ombe hustawi, na matofali hupatikana. Mahindi na msingi wa nyumba ni mambo mengine. Basi msomaji unayetaka kununua ardhi Mabanga, usiitazame rangi ya juu, ambayo majivu na samadi huweza kuificha. Chimba shimo la kina cha goti, kisha la kina cha kiuno, utwae bonge mkononi na kulivunja: ukikuta kijivu chenye michirizi ya kutu, umeonyeshwa kiwango ambacho maji hupanda kila mwaka, hata kama siku hiyo hamna tone, na bei umpayo muuzaji iwe ya malisho.