zima, zimika, -zima: lugha ya onyo la moto wa injini angani

zima kt. 1 kufanya moto usiendelee kuwaka: *Zima jiko kabla ya kulala.* 2 kukatisha kazi ya mtambo au chombo: *Zima redio.* Minyambuliko: zimia, zimika, zimisha, zimwa.

-zima kv. 1 -siyo na ugonjwa au hitilafu: *injini nzima*. 2 -ote, kamili: *siku nzima*.

Zimika na zimwa

Katika mazungumzo ya kila siku kitenzi *zima* hutumika pia bila yambwa. Mkulima wa pamba wa Bariadi husema, "Trekta limezima," na anayemsikia haoni utata. Liwe limeishiwa mafuta au dereva amegeuza ufunguo, trekta limesimama shambani na litangoja. Kiswahili sanifu hutenganisha mambo hayo mawili: *limezimika* lenyewe, au *limezimwa* na mtu. Ndege haiwezi kusimama ikangoja. Kwa hiyo anayeeleza dharura ya angani hana budi kuchagua neno moja kati ya hayo.

Waka na waka moto

*Injini ya kushoto inawaka* ni habari njema: maana yake inafanya kazi. *Injini ya kushoto inawaka moto* ni habari nyingine kabisa. Neno *moto* lisiachwe.

Vilevile, onyo si moto. Kuzunguka injini ya ndege ya abiria hupitishwa vihisi vya joto. Joto likizidi kiwango kilichowekwa, taa nyekundu huwaka na kengele hulia katika chumba cha marubani. Chanzo chaweza kuwa ndimi za moto, hewa yenye joto kali iliyovuja bombani, au hitilafu ya kihisi chenyewe. Marubani hulichukulia onyo kuwa moto wa kweli, kwa sababu gharama ya kulipuuza ni kubwa mno. Mwandishi wa habari, kwa upande wake, aandike *onyo la moto limetokea* hadi uchunguzi uthibitishe zaidi.

Kuizima na kuuzima

Hapa sarufi husaidia. Injini ni ya ngeli ya I-ZI, moto ni wa ngeli ya U-I. Hivyo kiambishi cha yambwa hutuonyesha kinachozimwa. Marubani *huizima* injini kwanza, ndipo *huuzima* moto.

Jambo la kwanza kabisa, hata hivyo, ni kuendelea kuirusha ndege. Mashirika mengi huwataka marubani wasianze hatua nyingine baada ya kuruka mpaka wafikie takriban futi 400. Kisha wenzo wa nguvu wa injini iliyotajwa na onyo hurudishwa nyuma, mafuta yake hukatwa, na mpini wa moto huvutwa. Mpini huo huitenga injini na mifumo ya mafuta, haidroli, hewa na umeme. Ikiwa taa ingali nyekundu, mtungi wa gesi ya kuzimia moto hufyatuliwa. Isipozimika kwa muda uliowekwa, kwa kawaida sekunde 30, hufuata mtungi wa pili. Utaratibu hutofautiana kidogo baina ya aina za ndege. Baadaye waongoza ndege huarifiwa, na ndege huelekezwa kwenye uwanja wa karibu unaofaa.

Injini nzima

Hatari kubwa imo katika neno hili la mwisho. Tarehe 8 Januari 1989, ndege ya Boeing 737-400 iliyotoka London kwenda Belfast ilivunjika pangaboi la injini ya kushoto. Hapakuwa na onyo la moto wakati huo, ila mtikisiko na moshi. Marubani waliizima injini ya kulia, iliyokuwa nzima. Mtikisiko ukapungua, nao wakaamini wamefanya sawa. Ndege ilianguka karibu na Kegworth, na watu 47 kati ya 126 walikufa. Tarehe 4 Februari 2015, jijini Taipei, ndege ya ATR 72-600 ilipoteza nguvu ya injini ya kulia. Rubani akarudisha nyuma wenzo wa kushoto. Walikufa watu 43 kati ya 58.

Ndiyo maana rubani mmoja hushika wenzo na kutaja upande wake, na mwenzake huutazama na kuthibitisha kabla haujavutwa. Tendo hilo linachukua sekunde chache tu, nalo ndilo linalookoa injini nzima.

Kwa abiria

Msafiri wa Bariadi anayepitia Lamadi hadi Mwanza, akapanda ndege ya injini mbili kwenda Dar es Salaam, ajue kwamba ndege hizo hutakiwa kuthibitishwa kuwa zaweza kuendelea kuruka kwa injini moja. Akitangaziwa kwamba injini moja *imezimwa*, asisikie *imezimika*. Kauli ya kutendwa inamwambia kuwa yupo mtu aliyeamua kuizima.

Linganisha: zimamoto (zima + moto), kikosi kinachongoja kando ya njia ya kutua ndege hiyo irejeapo.