Askari Aliyekumbukwa, Mpagazi Aliyesahauliwa



Sisi wa Nachingwea na Ruangwa twazijua Nyangao na Lukuledi kuwa ni misheni. Oktoba 1917 zilikuwa uwanja wa vita kati ya Waingereza na Wajerumani. Mwezi uliofuata Jenerali von Lettow-Vorbeck aliwaacha nyuma wagonjwa na majeruhi wake, akavuka Ruvuma.

Ilipofika 1964, Bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha malipo kwa askari Waafrika waliokuwa bado hai. Wapagazi, waliobeba risasi, chakula na hata majeruhi wenyewe, malipo hayo hayakuwahusu.

Haki iliyokawia miaka 47 iliwakuta wachache. Basi mzee wetu aliyerudi na jeraha kutoka vita vya Kagera, 1978–1979, tusimngojeshe.

Tumsifu Yesu Kristo.