Nyerereiti: Madini ya volkeno yasiyohimili mvua

Madini mengi hudumu ardhini kwa mamilioni ya miaka, yakimsubiri mchimbaji. Nyerereiti hayasubiri. Yakishatoka tumboni mwa mlima, unyevu wa hewa huanza kuyageuza, na mvua ikinyesha sodiamu iliyomo huoshwa ikapotea.

Madini haya yaligunduliwa katika lava ya Oldoinyo Lengai, volkeno iliyo kaskazini mwa Tanzania, kusini mwa Ziwa Natron. Kwa Wamaasai, huo ni Mlima wa Mungu. Kwa wanajiolojia, ndiyo volkeno hai ya pekee inayojulikana kutoa lava iliyojaa kabonati ya sodiamu, yaani kiini cha magadi yanayotumiwa jikoni.

Lava hiyo huwa na joto la nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi, ilhali ile ya basalti hupita 1,000. Hutiririka kwa wepesi ikiwa nyeusi kama oili chafu, kisha hugeuka nyeupe kwa muda wa saa au siku chache.

Kwa miongo kadhaa, wataalamu walibishana iwapo mwamba wa kabonati waweza kuzaliwa na moto, au ni chokaa ya kale tu iliyomezwa na volkeno. Mwaka wa 1960, mwanajiolojia Mwingereza Barry Dawson aliishuhudia lava hiyo katika kreta ya Lengai. Taarifa yake ya mwaka wa 1962 ilitia nguvu hoja kwamba kabonati yaweza kutoka ardhini ikiwa imeyeyuka.

Ndani ya lava hiyo mna fuwele za aina mbili kuu. Zilizo bapa, zenye sodiamu, kalsiamu na kabonati, ziliitwa nyerereiti mwaka wa 1963 kwa heshima ya Julius Nyerere, aliyekuwa Rais wa Tanganyika. Zile za mviringo zilitambuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, zikaitwa gregoriiti. Jina hilo linamkumbuka John Walter Gregory, Mwingereza aliyelichunguza Bonde la Ufa nchini Kenya mwaka wa 1893.

Ili madini mapya yakubalike na Shirika la Kimataifa la Elimu ya Madini, sharti ithibitishwe kwamba viambato vyake au mpangilio wa fuwele zake ni tofauti na vya madini yanayojulikana. Kwa nyerereiti, kazi hiyo hudai haraka: kipande cha lava huokotwa kikiwa kibichi na kufungwa kisiguswe na unyevu. Kikiachwa wazi, nyerereiti hugeuka kuwa pirsoniti na hatimaye kalsiti, madini ya kawaida ya mawe ya chokaa.

Hata hivyo, hayatoweki bila kuacha alama. Kalsiti inaweza kubaki na umbo bapa la fuwele iliyoitangulia. Kwa kufuata alama za namna hiyo, watafiti walieleza kwamba vipande vya lava ya kale karibu na Tinderet, magharibi mwa Kenya, vilikuwa na magadi kama lava ya Lengai kabla ya kugeuka kalsiti.

Kwa hivyo, yamkini volkeno za aina hii zilikuwa nyingi zaidi zamani, ila mvua imefuta ushahidi. Anayetaka kuzielewa hana budi kuanzia Lengai, lava ikiwa ingali nyeusi.