Glutameti: mjumbe wa ubongo aliyekataliwa kwa miaka 20

Hivi unavyosoma sentensi hii, seli za neva kichwani mwako zinaamshana kwa kemikali moja kuliko nyingine zote: glutameti. Ndiyo hiyo hiyo ambayo Mjapani Kikunae Ikeda aliitoa kwenye mwani mwaka 1908, akitafuta siri ya utamu wa supu. Leo kila kitabu cha neva kinaitaja. Lakini kukubalika kwake kulichukua muda, na kilichoiokoa ni vipokezi, yaani milango inayoipokea.

Miaka ya 1950, Takashi Hayashi alidunga glutameti kwenye ubongo wa wanyama, nao wakapata degedege. Mwaka 1959 huko Canberra, Australia, David Curtis, John Phillis na Jeffrey Watkins waliijaribu kwenye seli za uti wa mgongo wa paka. Seli zikawaka. Utadhani walishangilia? Wapi! Walihitimisha kwamba glutameti si mjumbe.

Usiwacheke, hoja zao zilikuwa na akili. Glutameti iliamsha karibu kila seli iliyoiguswa nayo. Hawakuona kimeng'enya cha kuivunja haraka, kama kile kinachovunja asetilikolini. Tena imejaa kila mahali mwilini, kwani ni sehemu ya protini. Sasa mjumbe gani huyo?

Kumbe haihitaji kuvunjwa: seli za jirani huifyonza. Na upekee hauko kwenye kemikali, uko mlangoni. Watkins aliendelea kutengeneza kemikali zinazofanana na glutameti, mojawapo NMDA, na baadaye akiwa Bristol, Uingereza, yeye na wenzake wakapata za kuziba milango. Kwa funguo hizo ikaonekana kuna milango ya aina tofauti: AMPA, kaineti na NMDA. Kaineti nayo ilitoka kwenye mwani, uliotumika Japani kama dawa ya minyoo.

Mlango wa NMDA ndio wenye maajabu. Mwaka 1984 maabara mbili zilionyesha kwamba magnesi huuziba kama kizibo. Glutameti ikifika peke yake, haupitishi kitu cha maana. Ni lazima seli inayopokea iwe tayari imeamshwa, ndipo kizibo kitoke na kalsiamu iingie. Yaani mlango unatambua mambo mawili yaliyotokea pamoja, na hapo muunganiko kati ya seli unaimarika. Mwaka 1986 Richard Morris na wenzake waliziba milango hiyo kwa panya. Panya wakapata shida kukumbuka jukwaa lilipofichwa majini.

Mwaka uliofuata, somo hilo likawafikia binadamu kwa uchungu. Kwenye kisiwa cha Prince Edward, Kanada, kome wa baharini walikuwa wamekusanya asidi ya domoiki, sumu ya mimea midogo ya bahari inayofungua milango ya kaineti na AMPA kupita kiasi. Watu zaidi ya 100 waliougua walikuwa wamekula kome hao. Baadhi walifariki, na wengine walipona mwili lakini wakabaki hawawezi kuweka kumbukumbu mpya.

Kwa hiyo ukisikia glutameti ni "nzuri" au "mbaya", uliza kwanza: mlango gani, na umefunguliwa kwa muda gani? Mlango ule ule unaokuwezesha kujifunza, ukiachwa wazi mno, unaiua seli.