Akiba ya milio ya katuni

Ni mkusanyiko wa sauti zilizorekodiwa, ambamo watengenezaji wa katuni za televisheni huchota tena na tena badala ya kurekodi upya. Akiba mashuhuri zaidi ni ya Hanna-Barbera, studio ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1957. Miguu ya Fred Flintstone, mhusika wa katuni zake, inapotimka, kinachosikika ni ngoma ndogo zilizopigwa kwa viganja. Mpiga ngoma wa kilumi, ngoma ya jadi ya Wakamba, kule Kitui nchini Kenya angeitambua hila hiyo papo hapo. Milio mingine huazimwa kutoka sinema: radi iliyorekodiwa kwa filamu ya Frankenstein (1931) ilinguruma tena katika katuni ya Scooby-Doo. Mtoto wa mji wa Mwingi au Wote huko huko Ukambani, ambako mvua ya Novemba husubiriwa kwa macho, huenda ameisikia radi hiyo ya kigeni mara nyingi kuliko ya kwao.